Mchanga wa Halmashauri

Kamati ya mtaa wa Alto Guadual haikuwahi kukosa msaada. Nohelia alilisema hilo kila alipopata nafasi, tena bila kucheka, na waliomjua walielewa kwamba hapo amekasirika. Halmashauri ya mji iliipenda kamati yake kama mama mkwe anavyompenda mke wa mwanawe: haukupita mwezi bila kuja kumfundisha kitu. Kulikuwa na semina ya kuendesha mikutano, semina ya kusuluhisha ugomvi wa majirani, na semina ya kutumia kompyuta ambayo kamati haikuwa nayo. Wajumbe walipewa vizibao vya kijani vyenye nembo mgongoni, viti vya plastiki, na bango la ukumbini lililosema kwamba kamati imara ndiyo mtaa imara. Walichokosa ni kile tu walichokuwa wakikiomba tangu Nohelia achaguliwe kuwa mwenyekiti, yaani ukuta wa kuzuia mlima usiwaporomokee.

Mtaa wenyewe ulijibana ubavuni mwa mlima, kwenye nchi ya kahawa, mahali ambapo msimu wa mvua ukishakolea watu huacha hata kuizungumzia. Barabara moja ilikata ubavu huo. Upande wa juu kulikuwa na ukumbi wa mtaa, na mbele yake kidogo, juu ya mwamba, shule na uwanja wake. Upande wa chini, pale penye kona, nyumba mbili zilikaa kwenye kitako kilichochongwa kwa majembe. Moja ilikuwa ya akina Tabares. Nyingine ilikuwa ya Don Arcesio, baba yake Nohelia, ambaye tangu afiwe na mkewe aliishi humo peke yake na redio yake na kiburi chake.

Mwaka ule halmashauri ilikubali hatimaye. Malori yakaja na mchanga na kokoto, na mifuko ya saruji ikafungiwa ukumbini. Kwa kuwa hakuna lori linaloweza kuteremka mpaka kwenye zile nyumba, dereva alimwaga mzigo wote ukingoni mwa barabara, penye kona, juu kabisa ya mapaa mawili. Duván Cardona, afisa wa maendeleo ya mitaa, kijana wa pikipiki na moyo mweupe, alimpa Nohelia karatasi ya kutia saini. Mchanga usiguswe na mtu yeyote mpaka wakazi wafanye mkutano mkuu, nusu yao na mmoja zaidi, waupitishe mradi na kuchagua wasimamizi. Alieleza kwa upole kwamba mitaa mingine mchanga wa namna hiyo uliishia kuwa sakafu za majikoni. Nohelia akatia saini, na siku hiyo alitembea kifua mbele.

Don Arcesio alitoka mlangoni kwake, akainua uso kutazama lile rundo.

"Nohelia," akaita kutoka chini, "mzigo huo mmenitwisha kichwani."

"Ni mchanga wa ukuta wako, baba."

"Ukuta uko wapi? Mimi naona mchanga."

Ikabaki kazi ya mkutano. Mara ya kwanza walikuja wajane wachache na watu watatu waliosikia kuna juisi. Mara ya pili Nohelia alipita nyumba kwa nyumba, akapanda na kushuka ngazi mpaka magoti yakamwaka moto, na kila mlango ulimjibu kwamba watakuja, Mungu akipenda. Jioni ile Mungu alipenda mpira. Timu ya taifa ilikuwa inacheza. Mara ya tatu ilinyesha. Alikaa mbele ya viti vitupu akiwa na kizibao chake cha kijani, Duván pembeni akitazama saa yake kwa aibu, na Blanca Oliva, mchoma mikate ya mahindi iitwayo arepa, aliyekuwa makamu wake, akasema wazi kilichokuwa moyoni mwa kila mtu. Watu wamechoka kuitwa waje waambiwe kwamba wao ni imara.

Baba yake alimwambia hilohilo kwa kejeli, siku alipompelekea maharage. "Unawaita watu waje kukaa," alisema. "Nani aache shughuli zake aje kukaa? Sisi tuliwaita waje kufanya." Nohelia akamjibu kwamba zama zimebadilika. Mzee akamwambia zama hazijabadilika, kilichobadilika ni viti.

Mvua haikukata tena. Ilinyesha kwa kunong'ona, ikanyesha kwa kelele, ikapumzika kidogo kama mpishi anayefuta jasho, ikarudi. Rundo la mchanga lilikunywa maji, likawa jeusi, likazidi uzito. Asubuhi moja Nohelia aliona mstari mwembamba kwenye barabara, upande wa ndani wa lile rundo, kama mkunjo wa shuka. Kesho yake mkunjo ulipokea ncha ya kidole. Akampigia Duván simu.

"Niruhusu niuhamishe huu mchanga," akamwomba. "Niuhamishe tu, nisiutumie."

"Doña Nohelia, ukiugusa kabla ya akidi kutimia, mradi unafutwa na kamati inafungiwa. Nakuambia kama rafiki. Itisha mkutano mwingine, na mimi nitamsukuma mhandisi aje kuuona huo ufa wiki hii."

Naye akatii. Hapo ndipo uchungu wake ulipo mpaka leo, na hakuna wa kumsaidia kuubeba. Alikuwa na mikono miwili, majirani wenye majembe, na macho ya kuona mlima unafunguka, akashika karatasi. Aliitisha mkutano wa nne. Hakuja mtu.

Asubuhi ya siku yenyewe ufa ulikuwa unameza kiganja kizima. Duván alikuja na pikipiki yake huku maji yakimchuruzika puani, akapiga picha, akamtumia mhandisi. Jibu lilirudi kabla hajafunga kofia: watoeni watu sasa hivi. Akapiga simu za zimamoto na za uokoaji. Mji mzima ulikuwa unaporomoka siku ile, kila upande na mlima wake. Akaambiwa asubiri zamu. Akina Tabares hawakungoja kuelezwa. Walipanda na godoro, watoto na kuku wao, mama mtu akilia, na kwenda moja kwa moja shuleni.

Don Arcesio alibaki ndani, akatia komeo mlangoni, akafungua dirisha kidogo. Nohelia alisimama kwenye tope, juu yake kuna ule mchanga, na kila tone lililomdondokea shingoni alidhani ndio mwanzo.

"Baba, toka. Nakuomba."

"Umekuja kama mwanangu au kama mwenyekiti?"

"Kama mwanao."

"Basi ingia unywe kahawa."

"Baba, mlima unashuka."

"Unashuka tangu mimi kijana. Tumezeeka pamoja."

Duván akajaribu. Alimwambia kwa heshima zote kwamba shuleni kuna magodoro na chakula cha moto, na kwamba halmashauri itampa posho ya kupanga chumba. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kijana, nyumba hii ilichongwa kwa mikono ya mtaa mzima," akasema. "Mke wangu kafia pale kitandani. Halmashauri haijanipa hata msumari, leo inipe godoro? Mwambie mkubwa wako nimeshukuru kwa mchanga."

Nohelia alipiga magoti. Hakujali nani anamwona. Alimsihi kwa jina la mama yake, alimsihi kwa watoto aliokuwa nao na wale aliowazika, akamwambia kosa ni lake, yeye ndiye aliyetia saini, yeye ndiye aliyeuacha mzigo pale, basi asimwadhibu kwa kufa. Baba yake alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto anayelilia mwezi. Akasema hamwadhibu mtu, yuko kwake tu. Kisha akafunga dirisha.

Nohelia alipanda barabarani. Kumtoa kwa nguvu haikuwezekana: mlango ulikuwa wa mbao za mti mgumu, na nyuma yake kulikuwa na mzee mwenye panga ambaye hakutishia mtu bure. Duván alisema wasubiri zimamoto. Nohelia alikaa kwenye ngazi ya ukumbi, akaona hakuna tena cha kufanya, akaona ataishi miaka mingine mingi akiwa mtu aliyemwua baba yake kwa utaratibu.

Ndani ya ukumbi, kwenye kona, ilikuwapo sufuria kubwa ya mtaa. Siku hizi ilihifadhi mipira ya shule. Zamani, kabla halmashauri haijaanza kuleta wakandarasi, sufuria hiyo ndiyo iliyojenga Alto Guadual. Kukiwa na msaragambo, yaani kazi ya wote, mtu aliwasha moto mbele ya ukumbi, akaiinjika, akaipiga kwa mwiko; aliyeusikia mlio na kuona moshi alichukua jembe lake akaja, na kazi ikiisha watu wakala supu nzito ya sancocho pamoja. Ndivyo walivyochonga barabara, ndivyo walivyopandisha maji, na aliyepanga kazi siku hizo zote alikuwa Arcesio. Hakuwahi kukosa msaragambo. Alikuja na homa. Alikuja siku aliyotoka kumzika mkewe, na tai bado iko shingoni.

Nohelia akainuka. Akamwaga mipira sakafuni.

"Blanca Oliva, nisaidie kuwasha moto."

Blanca Oliva alielewa mara moja, na uso ukambadilika. Kwa watu wa mtaa ule kuwasha moto wa msaragambo ni kuwaita watu, na ukiwaita watu una cha kuwapa. Aliyewahi kuinjika sufuria isiyo na kitu alihama mtaa, na mpaka kesho watoto wake hutajwa kwa jambo hilo.

"Hakuna hata kiazi," akasema. "Duka limefungwa. Mimi nina unga wa arepa wa watu wawili."

"Tia maji."

"Nohelia, baba yako atatulaani."

"Anilaani akiwa hai."

Walivunja viti viwili vya mbao vya zamani, wakamimina mafuta ya taa, na moto ukashika chini ya ukingo wa paa. Nohelia akaipiga sufuria kwa mwiko mpaka bega likamuuma. Maji yalikuwa hata hayajapata moto. Blanca Oliva akafunika, akasimama kando ya kifuniko kama askari wa benki.

Mwanzo hakuja mtu, ni mvua tu. Nohelia akaendelea kupiga, akilia bila kujificha. Kisha akatokea mzee mmoja na sepetu. Wakatokea ndugu wawili wa ngazi ya juu na toroli. Wakaja wanawake na ndoo, wakaja vijana ambao hawakuwahi kuona msaragambo ila walisikia bibi zao wakiwafokea wachukue majembe. Wale wote waliomwambia Mungu akipenda walikuja, wala hawakuuliza kuna nini mpaka walipofika mbele ya moto. Duván alisimama mdomo wazi. Miezi kadhaa alikuwa anawatafuta watu hao.

"Tunautoa mchanga," Nohelia akawaambia. "Asivuke mtu ule ufa. Tuuvute kwa majembe tukiwa upande wa mlimani, tuupeleke uwanja wa shule."

Wakamtazama Duván kwa sababu alikuwa na kizibao cha halmashauri. Alijua karatasi inasemaje; aliiandika mwenyewe.

"Utoeni," akasema. "Nitajibu mimi." Akavua kizibao, akachukua ndoo.

Mstari ukapangwa kutoka kwenye kona mpaka shuleni, ndoo ikipokewa mkono kwa mkono. Nohelia hakutazama mchanga. Alitazama ngazi inayopanda kutoka kwenye zile nyumba mbili. Alitazama mpaka macho yakamwingia maji, akaanza kuamini kwamba hata hili limeshindwa. Ndipo akaiona kofia. Don Arcesio alikuwa anapanda taratibu, sepetu begani, buti miguuni, amekunja uso.

"Nani anaupanga msaragambo huu?" akauliza alipofika. "Mbona mmewaweka wenye nguvu mwisho?"

"Hatuna mtu wa kusawazisha kule uwanjani, baba," Nohelia akasema, na sauti ikamtoka vizuri kuliko alivyotarajia. "Wanaumwaga ovyo."

"Nilijua tu." Akaenda zake kule juu ya mwamba, akipita katikati ya watu na kuwarekebisha mikono, mmoja baada ya mwingine, akiwaambia vijana kwamba ndoo haibebwi kwa kiuno, hubebwa kwa miguu.

Walikuwa wamepunguza nusu ya rundo hivi. Mtu wa mbele kabisa aliacha jembe, akarudi nyuma hatua moja, akasema ardhi inapumua. Nohelia akawapigia kelele wakimbilie shuleni. Walikimbia. Nyuma yao ukaja mlio kama wa lori linalomwaga mzigo, ila haukuisha haraka, na kona nzima ya barabara ikaondoka pamoja na mchanga uliobaki, ikateremka, ikazipitia nyumba mbili kana kwamba hazikuwapo, ikaenda kutulia kwenye migomba ya bondeni. Halafu ikabaki mvua peke yake.

Watu walihesabiana, kila mtu akitaja wa nyumbani kwake. Wote walikuwapo. Mama Tabares alikuwa ameketi chini na kuku kifuani. Mwanaume mmoja, fundi viatu aliyekimbia kila mkutano tangu mwanzo, alimgeukia Duván.

"Bwana Duván," akasema, "akidi imetimia?"

Hakuna aliyecheka. Duván alifunika uso kwa mikono yenye tope.

Don Arcesio alikuwa ukingoni mwa uwanja, ameegemea sepetu yake, anatazama mahali palipokuwa na nyumba yake. Nohelia alitaka kumshika, akaogopa. Hatimaye mzee aligeuka, akatembea polepole kuelekea ukumbini, na mtaa wote ukamfuata nyuma bila kuambiwa, kwa sababu kazi imekwisha na ndivyo inavyofanywa.

Alisimama mbele ya sufuria. Blanca Oliva aliweka mkono juu ya kifuniko. Mzee hakumsukuma, alisubiri tu mpaka mwenyewe akauondoa. Akafunua. Mvuke ukampanda usoni, naye akachungulia ndani mpaka ulipotawanyika na kila aliye karibu akaona alichokiona yeye.

"Ni maji, baba," Nohelia akasema. "Niliwadanganya wote. Sikuwa na njia nyingine ya kukutoa mle ndani."

Akainamisha kichwa kungojea laana. Alikuwa amejiandaa kwa kila neno, hata lile la kumkana mbele za watu. Don Arcesio aligeuka kuwatazama waliosimama nyuma yake, walivyolowa, walivyotetemeka, tope mpaka kwenye kope. Kisha akachukua bakuli kutoka kwenye meza.

"Nipakulie."

"Baba, hakuna kitu."

"Nimesema nipakulie. Watu wamefanya kazi."

Nohelia alichota kwa upawa, akampakulia. Mzee alipuliza, akaanza kunywa, akanywa yale maji ya moto mpaka tone la mwisho, mbele ya mtaa mzima, akafuta masharubu kwa nyuma ya kiganja.

"Imepungukiwa chumvi," akasema.

Akampa Duván bakuli, na watu wakapanga foleni.